Mbona Asubuhi Sisikii Njaa?

Kina mama, kina baba na vijana, asanteni kwa kuwahi. Hebu anyooshe mkono aliyetoka nyumbani leo bila kunywa chai. Naona ni wengi, na mnanyoosha kwa haya kama mnaoungama. Shusheni, hamjakosa.

Kwetu kunywa chai maana yake ni kula: chapati, mihogo, au kiporo cha wali kilichopashwa moto. Ukikataa unaulizwa, "Unaumwa?" Bibi yangu alikaa mlangoni mpaka nimalize kikombe, na mimi koo limekaza, tonge halipiti. Miaka mingi niliamini nina kasoro.

Kumbe mwili una saa yake. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 12 waliokaa siku 13 kwenye mwanga hafifu, wakila na kulala kwa ratiba isiyofuata jua. Njaa yao ilikuwa chini kabisa karibu saa mbili asubuhi, na juu kabisa karibu saa mbili usiku. Hujala usiku kucha, lakini ini limekuwa likitoa sukari ya akiba taratibu, na hamu ya kula bado imelala.

Mazoea nayo yana nguvu. Homoni ya grelini, ile inayoamsha njaa na kutoka tumboni, hupanda kabla ya saa uliyozoea kula. Mliofunga Ramadhani mnalijua hili: mwezi umeisha, lakini saa ya daku ikifika unaamka, tumbo linaita. Na aliyekula ugali saa nne usiku akapanda kitandani, hamu ya asubuhi ataitoa wapi?

Tunaambiwa pia kwamba asiyekunywa chai atanenepa. Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kilichapisha mwaka 2014 jaribio la wiki 6 kwa watu wazima wasio wanene. Wengine walikula asubuhi, wengine wakabaki na maji hadi adhuhuri. Uzito haukutofautiana. Waliokula walijishughulisha zaidi, na sukari yao ilitulia zaidi alasiri na jioni. Faida ipo, ila si ile tunayohubiriwa.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya glibenklamidi vya kushusha sukari asijiamulie kuacha mlo. Sukari ikishuka, jasho la baridi linamtoka, mikono inatetemeka, anaweza kuzimia. Kama hana hamu asubuhi, aongee na daktari wake kuhusu saa na kipimo cha dawa, asikae kimya.

Na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini lake ni dogo, akiba yake ni ndogo, na ubongo wake unatumia sukari nyingi. Akitembea hadi shule na tumbo tupu, hesabu za saa tatu hazimkai. Ila chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na andazi moja haimfikishi mbali. Uji wenye maziwa au karanga unamshika.

Yule binti anayegoma kabisa kula alfajiri, msimpigie kelele. Mpeni chakula cha jioni mapema kidogo, halafu asubuhi mfungieni yai na kiazi kitamu, ale mapumziko ya saa nne.