Jinsi ya kuweka fomu ya mawasiliano kwenye websaiti yako bila kuzamishwa na spamu

Haya wadau karibuni tena, leo tunatengeneza fomu ya mawasiliano, ile mtu anaingia kwenye websaiti yako anaandika jina, imeili na ujumbe, anabonyeza tuma na wewe unaupata. Fomu yenyewe ni dakika kumi tu. Kazi iko kwenye kuizuia isigeuke jalala la matangazo ya mikopo na dawa za ajabu, na hapo ndo nitakaa sana leo.

Kabla hujagusa kibodi shika jambo moja, maana kila hatua itarudi hapo. Ujumbe wa mtu wa kweli ukipotea ni hasara kubwa kuliko spamu kumi zilizopenya. Spamu unaifuta kwa sekunde moja imeisha hiyo, lakini mtu aliyekuandikia anataka kazi, akaambiwa asante tumepokea, halafu wewe hukuuona kabisa, huyo harudi tena na wala hutajua kama aliwahi kuja. Kwa hiyo mitego yetu yote tutaitega mahali roboti linapita na binadamu hapiti, na hakuna kitu tutakachofuta kimyakimya.

Kuna wanaouliza si niweke tu imeili yangu pale chini ya ukurasa basi? Unaweza, ila kuna programu zinazunguka mtandaoni usiku na mchana zinasoma kurasa na kuokota chochote chenye alama ya @, na ikishaokotwa inauzwa na kusambazwa, huwezi kuirudisha. Fomu inaficha anwani yako nyuma ya seva.

Twende hatua ya kwanza, hii fupi. Hakikisha websaiti inafunguka kwa https, ile kufuli. Bila hiyo kila anachoandika mgeni kinapita njiani wazi. Cheti cha hiyo https unapata bure kupitia Let's Encrypt na hostingi nyingi zinakiwasha kwa kubonyeza mara moja tu, washa, endelea.

Hatua ya pili, tunaandika fomu kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa. Angalia skrini: tagi ya form, method iwe post, action ielekee kwenye faili letu la tuma.php, lile la PHP linalofanya kazi kwenye seva. Ndani yake visanduku vitatu, jina, imeili na ujumbe. Kila kimoja kipe label yake ya kweli, usitegemee yale maandishi ya kijivu yanayopotea ukianza kuandika, mtu anayetumia programu ya kusomewa skrini yanaweza kumpita asijue kisanduku ni cha nini. Weka required, yaani lazima kijazwe, weka na maxlength, kikomo cha herufi: jina 100, imeili 254, ujumbe 5000 inatosha kabisa. Usiongeze namba ya simu, jina la kampuni, umejuaje kuhusu sisi, hapana, kila kisanduku unachoongeza kinamchosha mtu na hakilipunguzii roboti chochote.

Na hapa nisikilize vizuri. Hivyo required na maxlength ni msaada kwa mgeni tu, si ulinzi. Roboti nyingi hata hazifungui brauza, zinatuma data moja kwa moja kwenye tuma.php zikiruka ukurasa wako wote. Kwa hiyo kila unachokagua kwenye brauza lazima ukikague upya kwenye seva, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya tatu, mtego wetu wa kwanza. Tunaongeza kisanduku cha nne ambacho binadamu hakioni. Roboti linasoma HTML, linaona kisanduku, linajaza, tumelikamata. Ila wengi wanakosea namna ya kukificha. Ukiweka type iwe hidden, roboti nyingi zinakiruka, zinajua hicho si cha kujaza. Wewe kifanye cha kawaida kabisa halafu kwenye CSS, ile ya kupanga mwonekano, kisukume nje ya skrini, position absolute, left hasi 9999px. Kisha weka tabindex hasi 1 ili mtu anayetembea kwa kibodi asitue humo, weka aria-hidden kwa wale wa kusomewa skrini, na autocomplete off. Jina la hicho kisanduku nalo lina maana, usikiite website wala company, kwa sababu brauza zinajaza zenyewe vitu kama hivyo na mara nyingine hazijali hata ile autocomplete off, matokeo yake unamkamata mtu ambaye hana kosa. Mimi hapa nimekiita mada_ya_pili. Brauza haina la kujaza hapo, roboti halijali, linajaza tu.

Hatua ya nne, tokeni na saa. Juu kabisa ya ukurasa wa fomu tunaanzisha sesheni ya PHP, yaani kumbukumbu ya mgeni kwenye seva, tunatengeneza tokeni, yaani herufi za bahati nasibu asizoweza mtu kubahatisha, kwa bin2hex ya random_bytes 32, tunaihifadhi kwenye sesheni na tunaiweka ndani ya fomu, hii ndio tunaiweka kwa type hidden. Fomu ikirudi, seva inalinganisha zile mbili kwa hash_equals. Zisipofanana, maana yake aliyetuma hakupitia ukurasa wetu, au kuna websaiti nyingine inajaribu kutuma kwa kutumia brauza ya mgeni wako. Hapohapo kwenye sesheni tunaandika na muda fomu ilipofunguliwa. Mtu wa kawaida hawezi kuandika jina, imeili na ujumbe ndani ya sekunde tatu, roboti linaweza. Chini ya sekunde tatu tunaweka alama ya mashaka.

Angalizo kwa wenye websaiti inayotumia kashe, yaani ukurasa unahifadhiwa na kugawiwa uleule kwa kila mtu. Tokeni nayo itahifadhiwa, watu wote watapewa ileile ya zamani na fomu itawakatalia wote. Ukurasa wa fomu utoe kwenye kashe. Na mtu akiacha fomu wazi saa mbili tokeni ikaisha muda, usimfutie alichoandika, mrudishie maandishi yake yote na tokeni mpya mwambie bonyeza tuma tena. Hakuna kinachoudhi kama kuandika aya tatu halafu zinayeyuka.

Hatua ya tano, hapa tulia kidogo. Tunafungua tuma.php. Kwanza trim, ondoa nafasi za pembeni, kagua urefu kwa mb_strlen, imeili ipitishe kwenye filter_var na FILTER_VALIDATE_EMAIL. Jina usilichuje kwa kusema herufi A mpaka Z tu! Kuna watu majina yao yana ng' na ile apostrofi, kuna wenye nukta, kuna wenye herufi za Kiarabu, huwezi kumwambia mtu jina lake si sahihi. Kitu kimoja tu unachokataa kwenye jina na imeili ni alama ya kuvuka mstari.

Kwa nini? Barua pepe ina vichwa vya habari juu, Kutoka, Kwenda, Mada, kila kimoja kwenye mstari wake. Sasa kama kodi yako, yaani zile amri za programu ulizoandika, inachukua alichoandika mgeni na kukibandika moja kwa moja kwenye hivyo vichwa, mtu mbaya anaandika imeili yake, anaingiza alama ya mstari mpya, halafu anaandika Bcc, ile nakala ya siri, na orodha ya anwani elfu moja. Seva yako inatii, inawatumia wote hao spamu, na jina la domeini yako ndo liko juu. Wewe upo umelala. Ukiamka domeini imeingia kwenye orodha nyeusi na hata barua zako halali hazifiki. Ndio maana usitumie ile mail ya PHP kwa kuunga maneno kwa mkono, tumia maktaba ya PHPMailer, inakagua anwani na kusafisha vichwa yenyewe.

Na kitu kingine kinachofanana na hicho, ile barua ya kumjibu mtu papo hapo, asante tumepokea ujumbe wako, ufuatao ndio ulioandika. Mimi niliwahi kuiweka kwenye websaiti ya mteja nikijua namfanyia jambo jema, kumbe roboti likaanza kujaza imeili za watu wengine kwenye kile kisanduku na tangazo lake kwenye ujumbe, kwa hiyo fomu yangu ndo ikawa inawapelekea watu wasiotujua tangazo, limesainiwa na mteja wangu. Hostingi ikafunga barua zote za ile domeini na mteja akakaa siku mbili hawezi kuwasiliana na mtu. Iliniuma sana. Toka siku ile sirudishi ujumbe kwa mtumaji, shukrani naionyesha kwenye ukurasa tu.

Hatua ya sita, hifadhi kwanza ndipo utume. Wengi wanatuma imeili tu, imeili ikikwama ujumbe umekufa. Sisi tunaandika kwenye databesi kwanza, kwa PDO na prepare, yaani maneno ya mgeni hayachanganyiki kabisa na amri ya SQL, lugha ya databesi. Jedwali letu lina safu za jina, imeili, ujumbe, muda, na safu moja inaitwa hali, yenye safi au mashaka. Aliyejaza mtego anaingia mashaka, aliyewahi sekunde tatu mashaka, mwenye linki zaidi ya mbili kwenye ujumbe mashaka. Safi zinatumwa kwenye imeili yako, mashaka zinabaki kwenye databesi unazipitia mwenyewe. Wote wawili waonyeshe ukurasa uleule wa asante, ukiliambia roboti limekosea wapi unamfundisha mwenye roboti jinsi ya kupita.

Hifadhi maneno kama yalivyoandikwa, na htmlspecialchars itumie wakati wa kuyaonyesha kwenye ukurasa wako wa kusoma ujumbe. Ukiisahau, mtu anaandika skripti ndani ya ujumbe na inaendeshwa kwenye brauza yako wewe ukiwa umeingia kama admini. Ukiitumia mapema kabla ya kuhifadhi, yule ndugu wa ng' jina lake litakuja na takataka ya alama katikati.

Kwenye kutuma sasa. PHPMailer tunaiunganisha na SMTP, ile njia ya kutumia barua pepe, poti 587, na STARTTLS inayoficha barua isisomwe njiani. Kutoka iwe anwani ya domeini yako, imeili ya mgeni iende kwenye Reply-To. Usimweke mgeni kwenye Kutoka hata kama inaonekana ndo sawa. Domeini zina rekodi ya SPF inayosema seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lake, na DKIM ambayo ni saini, na DMARC inayosema barua isiyolingana ifanywe nini, sasa seva yako ikidai inatuma kwa niaba ya Gmail wakati Google haiitambui, barua inatupwa kwenye spamu au inakataliwa kabisa. Ukiweka Reply-To, ukibonyeza jibu inaenda kwa mgeni vilevile. Pasiwedi ya SMTP iweke kwenye faili lililo nje ya folda ya umma, na usiipandishe kwenye Git, ile ya kutunza matoleo ya kodi. Ukimaliza kutuma mpeleke mtu kwenye ukurasa wa asante kwa redairekti ya 303, ili akirudisha ukurasa upya ujumbe usiende mara mbili.

Hatua ya saba, kikomo. Hesabu ujumbe kwa kila anwani ya IP, ile namba ya mtandaoni anayotokea mtumaji, vitano kwa saa, zaidi ya hapo vinaingia mashaka. Usimfungie mtu kabisa, kwa sababu wanaotumia intaneti ya simu mara nyingi wengi wao wanashiriki IP moja na hawajuani.

Na kapcha je, yale mafumbo ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti? Jina lenyewe lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na wazo lilikuwa zuri, kumpa mtu kitu ambacho kompyuta haiwezi. Ila zama zimebadilika, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine walionyesha kwamba roboti zinayatatua mafumbo hayo haraka na kwa usahihi kuliko watu. Mimi siweki mafumbo ya kuchagua picha za taa za barabarani, naona ni kumwadhibu mgeni kwa kosa la roboti. Mitego yetu ikizidiwa, ndipo ongeza kitu kama Turnstile ya Cloudflare ambayo mara nyingi haimuulizi mtu swali. Lakini ile tokeni inayotoa lazima seva yako iipeleke siteverify, anwani ya Cloudflare ya kuhakiki, kuthibitisha, ukiishia kuonyesha kile kiboksi tu ni kama mlango uliochorwa ukutani.

Tujaribu sasa. Jaza fomu kama mtu, taratibu, tuma, cheki imeili imefika na ukibonyeza jibu inaelekea wapi. Pili, fungua zana za brauza, jaza mada_ya_pili kwa mkono, tuma, hapa imeili isije ila rekodi iwepo kwenye databesi na hali iwe mashaka. Tatu, tumia curl, programu ya kutuma data bila brauza, kutuma moja kwa moja bila tokeni, isipite. Nne, jina liwe na ng' na ujumbe uwe na tagi ya script, soma kwenye ukurasa wako wa admini, vyote vionekane kama maandishi ya kawaida. Tano, andika pasiwedi ya SMTP kimakosa makusudi utume, imeili haitakwenda lakini ujumbe uukute kwenye databesi, halafu rudisha ile sahihi.

Wiki mbili za mwanzo fungua ile orodha ya mashaka kila siku asubuhi. Ukimkuta mtu wa kweli humo, angalia ni mtego upi ulimnasa, ulegeze, na mjibu siku hiyohiyo.