Kioo Kinapata Nguvu Kwenye Kupoa

Haya jamani karibuni, tuanze. Ukimuuliza mtu kioo kinatengenezwaje atakwambia mchanga unayeyushwa, basi, na ni kweli ila hiyo ni nusu ya habari. Mchanga wa silika peke yake unataka joto la kama digrii 1,700 ndo uyeyuke, kwa hiyo wanachanganya na magadi kushusha hilo joto, lakini ukiishia kwenye magadi tu unapata kioo kinacholika na maji, ndo maana chokaa nayo inaingia, halafu wanatupia na vioo vilivyovunjika sababu vinayeyuka haraka na tanuru halili mafuta mengi.

Zamani kioo kisichopotosha sura kilikuwa cha kusagwa na kusuguliwa pande zote mbili, gharama tupu. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ikatangaza njia ya Alastair Pilkington, yaani unamwaga ule uji wa kioo juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, unaelea, unajitandaza wenyewe hadi unanyooka, unaingia na digrii kama 1,000 unatoka na 600 hivi, hapo kioo kimeshakuwa kigumu na bati chini yake bado ni majimaji maana lenyewe linaganda kwenye 232. Mi hii naiona ni akili kubwa mno!

Sasa kupoa, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Kioo cha kawaida lazima kipoe polepole, la sivyo mkazo unabaki ndani na kinapasuka ovyo. Lakini ukikipasha tena mpaka digrii 600 na kidogo halafu ukakipulizia hewa baridi ghafla pande zote kwa usawa, ngozi ya nje inaganda kwanza, ndani inapokuja kupoa inataka kusinyaa inaivuta ile ngozi, basi nje kunabaki kumebanwa muda wote na ufa hauanzi kirahisi. Hicho ndo kioo kilichokazwa kwa joto, kinakuwa imara mara nne au tano ya kile cha kawaida, na kikivunjika kinamwagika chembechembe badala ya visu. Kwa mlango wa kioo au bafuni ndo chenyewe.

Paa la kioo au kizuizi cha baraza la ghorofani ni habari nyingine, pale mnataka vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, vikipasuka vipande vinabaki vimeshika, havimwangukii mtu.

Na joto msilisahau, mwanga wa jua unapita kwenye kioo vizuri tu, ila joto linalotolewa na sakafu na kuta halipiti kurudi nje, kwa hiyo dirisha kubwa linalotazama jua la jioni bila kivuli cha nje litawachemsha.

La mwisho, mafundi hili mnalijua lakini wenye nyumba wengi hawalijui: kioo kilichokazwa kwa joto hakikatwi tena wala hakitobolewi, ukijaribu tu kinasambaratika chote, kwa hiyo vipimo na matundu ya bawaba vyote viishe kabla hakijaingia kwenye tanuru.