Kufagia Vinywa vya Watu

Asalaam aleikum, na wengine habari za mchana. Wazazi wangu, shikamooni. Mwalimu Mkuu amenipa nusu saa na kuniomba nizungumze juu ya kazi za afya ya kinywa. Mimi nitazungumza juu ya ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Wanajua hata nikialikwa harusini Makorora, kabla pilau haijapakuliwa nitakuwa nimeshautaja ugaga.

Kwanza nyosheni mikono, aliyewahi kwenda kutibiwa meno. Haya, si haba. Sasa abaki na mkono juu yule aliyekwenda siku haumwi chochote. Mkono mmoja! Na yule pale nyuma ni mwenzangu wa kazini, simhesabu.

Basi hapo ndipo ilipo kazi ninayotaka kuwauzia: kusafisha meno kabla hayajauma. Mama mmoja wa hapa hapa mjini aliniambia waziwazi: "Mwanangu asome Kemia miaka yote hiyo, halafu akafagie vinywa vya watu?" Nikamwambia ndiyo, Mama, akafagie.

Na mimi mwenyewe sikuianza kazi hii kwa kufagia. Miaka ya mwanzo nilikuwa mng'oaji. Ganzi, koleo, ng'ata pamba, mwingine aingie. Nilijisifu kwa mkono mwepesi. Mtu anaingia analia, anatoka ameshika shavu anakushukuru. Kung'oa kuna sifa, bwana. Kusafisha hakuna. Nani atakushukuru kwa jino ambalo halikuuma?

Aliyenigeuza ni bibi mmoja wa Ngamiani, mtafunaji tambuu wa siku nyingi, midomo myekundu, maneno makali. Alikuja jino moja linamsumbua. Nikatazama mle ndani, jamani, meno ya chini ya mbele huyaoni, unaona ukuta. Nikasema leo nitamfurahisha. Nikashika vifaa, nikakwangua. Vipande vikawa vinadondoka kwenye bakuli kama lipu ya nyumba kongwe. Nikampa maji asukutue, nikamuaga, nafsi yangu imekunjuka.

Wiki haikuisha akarudi, na mjukuu wake kwa ushahidi. Akasimama mlangoni, hakukaa. "We mtoto, umenitoa saruji yangu! Meno yalikuwa yamesimama, sasa yanacheza. Nirudishie!"

Msicheke. Alikuwa anasema kweli: meno yalikuwa yanacheza. Ila aliyeyalegeza si mimi. Ukila, meno yanashika utando laini, na utando huo ni makazi ya vijidudu. Usipoufuta, madini yaliyomo kwenye mate yanaugandisha, na kazi hiyo huanza ndani ya siku chache tu. Ndiyo maana ugaga hupenda kujaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu: hapo ndipo mifereji ya mate inapofungukia. Ukishaganda, vijidudu vinakaa juu yake na chini ya ufizi, ufizi unavimba, unatoka damu ukipiga mswaki, na kwa wengine mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa polepole, bila maumivu. Mfupa unapungua, ugaga unaongezeka. Ni nguzo iliyoliwa na mchwa chini, juu umeizungushia zege. Siku unayobomoa zege, unalaumiwa wewe, mchwa hatajwi.

Yote haya nilimweleza bibi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja: "Mbona hukuniambia kabla?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tangu siku ile, sigusi kinywa cha mtu kabla sijampa kioo ajione, na kabla sijamwambia: Mama, nikitoa hiki, utahisi mianya, maji baridi yatakuchoma siku kadhaa, na jino lililokwisha kulegea litaonekana limelegea. Ndiyo nusu ya kazi hii, wanangu. Mkono unafundishika, ulimi ndio mgumu. Bibi yule meno mawili tuliyang'oa, mengine fizi zilipopoa yakatulia kiasi chake. Tambuu hakuacha. Nilimwambia ukweli, kwamba popoo, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, peke yake, hata bila tumbaku, imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani. Akanijibu kwamba mama yake alitafuna mpaka akafa. Nikamuuliza alikufa na nini. Akanyamaza. Lakini kila alipokuja, nilimkagua mashavu na chini ya ulimi, natafuta baka jeupe lisilofutika. Hiyo nayo ni kazi ya mfagiaji.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni: sisi tulitumia mswaki wa mti, meno haya hapa. Mzee wangu, sina ugomvi na mswaki wa mti, tena nautumia. Lakini unafuta kilicho laini. Kilichokwisha kuganda hakitoki kwa mti wala kwa brashi ya dukani, na msikikwangue kwa sindano wala wembe, nimeyaona mambo hayo. Na wewe mzee ulipokuwa kijana hukuwa unanyonya soda kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kazi hii si mpya wala si ya kubahatisha. Mwaka 1906 daktari wa meno mmoja kule Bridgeport, Marekani, Alfred Fones, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua darasa, na waliohitimu wakaingia shuleni, kwa watoto. Shuleni, sikilizeni, hawakusubiri watu walie. Leo Uingereza, tangu 2013, mgonjwa anaweza kwenda kwa mtaalamu huyu wa kusafisha meno moja kwa moja bila kumpitia daktari wa meno. Kwetu mzigo huu unabebwa zaidi na tabibu wa meno, yule yule anayeng'oa na kuziba. Sasa foleni ikiwa ndefu, kipi kitaachwa? Mnakijua. Hapo ndipo ninapopigia kelele kila mwaka, na kila mwaka naambiwa wazo zuri.

Mwalimu ananionyesha saa. Haraka haraka basi: njia ya hapa nyumbani ni stashahada ya tabibu wa meno, miaka 3, na mlango wake ni Baiolojia, Kemia na Fizikia, kwa hiyo wanaokimbia Fizikia mmenielewa. Mshahara hautakujengea ghorofa Raskazone. Shingo, mgongo na kiwiko vitauma, jifunzeni kukaa vizuri tangu mwanzo, mimi nilijifunza nimechelewa. Wagonjwa wa kisukari ni wateja wenu wa karibu, maana kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Na wanaochimbua fizi za watoto wachanga wakisema wanatoa meno ya plastiki, hilo lilikuwa liwe nusu ya mhadhara, sasa nasema moja tu: yale ni meno halali ya mtoto, hayajatoka tu. Msikubali.

Nimekuja na vioo na tochi mbili, viko mezani pale. Fungua mdomo, inua ulimi, mulika nyuma ya meno ya mbele ya chini. Wasichana foleni ile, wavulana hii. Mwalimu Mkuu, wewe ndiye wa kwanza.