Liache Jiwe Pale Ulipolikuta

Kamwene! Nashukuru.

Walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaoongoza wageni, wengi mmeshanisikia nikisema haya. Leo nayarudia kwa sababu wiki iliyopita nilipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji wetu wa Iringa, nikakuta majina mapya yameandikwa juu yake. Rangi nyeupe, bado inanuka.

Gangilonga siwaelezi, mmekulia chini yake. Lakini hebu niambie, mwalimu, ukiwapandisha wanafunzi pale juu unawaonyesha nini? Nawaona kila Jumamosi. Wanapanda mbio, picha, soda, wanashuka. Jina lake ni jiwe linaloongea, na hakuna aliyenyamaza kulisikiliza! Mimi wangu nawakalisha kwanza, dakika kumi, mpaka wausikie upepo unavyopita kwenye mawe. Ndipo nawaambia watazame chini: mji huu wote wa mabati uko huku juu kwa sababu Kalenga, ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ilivunjwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, na Mjerumani akaja kujenga yake hapa. Jina Iringa lenyewe ni lilinga, yaani ngome, na ngome hiyo ilikuwa kule bondeni, kando ya Ruaha Mdogo. Mtoto akishaliona hilo kwa macho, siku ya kwenda Kalenga anajua anafuata nini.

Sasa Isimila, kwenye zile zana za mawe za watu wa kale. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa na wanafunzi 42 wa kidato cha pili. Tumetembea korongoni, tumeona zile nguzo za mchanga zilizochongwa na maji ya mvua, tumeona zana zilivyotapakaa chini kama viazi vilivyofukuliwa jana. Tunarudi, basi linasimama Ipogolo, nasikia minong'ono kiti cha nyuma. Kijana ana shoka la mkono, jiwe lililochongwa na watu wa kale, amelifunga ndani ya sweta.

Nililishika. Linazidi kiganja kidogo kwa urefu, limechongwa pande zote mbili, ncha kali, na kitako cha mviringo kinachojaa mkononi kana kwamba kimepimwa kwako. Yule kijana akaniambia, "Mwalimu, shikamoo, samahani, lakini yako mengi sana pale."

Nikamwambia dereva ageuze. Kilomita kama 20, na mafuta tulichangia walimu wawili. Tulipofika nikamuuliza, "Ulilitoa wapi?" Akasonga mbele, akarudi, akaonyesha kwa kidole. Akabadilisha. Akaonyesha pengine. Mara ya tatu akaanza kulia, kwa sababu alikuwa ameelewa. Jiwe tulimkabidhi mhifadhi, lakini mahali pake hapakurudi tena.

Kwa nini mahali ni jambo kubwa? Mtaalamu wa mambo ya kale, Clark Howell, alipochimba pale mwaka 1957 na 1958 hakuwa anatafuta mawe mazuri ya kuweka kabatini. Alitaka kujua jiwe lipi lilikuwa tabaka lipi, limelala jirani na lipi, kulikuwa na mifupa gani. Ndivyo tunavyojua kwamba bonde lile kavu lilikuwa na maji, na kwamba aliishi humo kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Wanaokadiria umri wa zana zile wanataja miaka 200,000 na zaidi. Zimekaa muda wote huo pale zilipoachwa, mtoto wangu akaliondoa moja kwa dakika moja, mimi nikiwa nimempa mgongo.

Najua mtaniuliza, maana huulizwa kila mara: mbona mwaka 1951 msafiri alipita akaokota, na ndiyo sababu ya Isimila kujulikana? Kweli. Lakini alizifikisha kwa wataalamu na akasema amezitoa wapi. Shoka lililo juu ya televisheni ya mtu Dar es Salaam linasema nini? Na wa pili atauliza, moja linapunguza nini? Lipunguze mara 42, kisha uhesabu mabasi ya shule kwa mwaka mmoja.

Sisi watu wa Iringa hatukupaswa kuelezwa hili na mtu yeyote. Mkwawa alijiua Julai 1898, kichwa chake kikakatwa. Fuvu likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita! Lilikuja kupatikana Bremen, na likarudi Kalenga Juni 1954, Gavana Twining wa Tanganyika akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Babu zetu walidai kitu kimoja kirudi mahali pake kwa zaidi ya miaka 50. Halafu mjukuu wao anatia jiwe ndani ya sweta, na mwingine anapanda Gangilonga na kopo la rangi!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia michoro ya kale ya miambani ya Igeleke, niseme tu msiruhusu mtoto kuigusa wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Mlambalasi, kwenye kaburi la Mkwawa, nendeni asubuhi, jua la njia ya Ruaha ni kali. Lugalo, ambako Wahehe walimuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, Agosti 1891, mnara uko njia ya Morogoro, simameni japo dakika tano. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, someni wenyewe.

Jumamosi tunapanda Gangilonga kusugua ile rangi, kwa maji na brashi laini, si kwa patasi. Kabla ya kuanza tutamwuliza mtu wa mambo ya kale kama hata hiyo brashi inafaa. Tukutane chini ya jiwe saa kumi jioni. Njooni na makoti.