Mtoto akiharibu mtandaoni, atakuja kwako au atakukimbia?

Haya wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka makazini moja kwa moja na mmechoka kwaiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Nina swali la kuanzia na sitaki mnijibu kwa sauti, kila mmoja ajijibu moyoni. Usiku huu, saa 5, wewe umeshalala, mwanao wa miaka 14 inamwingilia meseji: "nina picha zako za uchi, nitumie hela ndani ya saa moja la sivyo narusha kwa darasa lako lote na kwa mama yako." Je, ataamka aje agonge mlango wa chumba chako?

Kama umesita kujibu, basi leo naongea na wewe. Hata mimi miaka michache nyuma ningesita.

Manake yule anayetuma ile meseji anakutegemea wewe mzazi. Kabisa, anakutegemea. Ile picha peke yake haina nguvu kiivo, kinachompa nguvu ni mtoto kuogopa kwamba mama au baba akijua nimekwisha. Ndo maana anataja "mama yako" kwenye meseji. Anajua nyumba nyingi mtoto akisema nimekosea anapigwa, anatukanwa, ananyang'anywa simu, kwaiyo anajua mtoto atabaki naye yeye, wawili tu, usiku, na atafanya chochote anachoambiwa.

Nawaelezea inavyofanyika kwa sababu wengi tunadhani ni mambo ya watoto watukutu. Sio. FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2022 na waliosema wanalengwa sana ni wavulana wa miaka 14 mpaka 17, wavulana jamani, wale ambao sisi tunawaachia tu tukisema huyu mwanaume hana shida, tunamlinda dada yake. Inaanza na akaunti ya msichana mrembo, picha zimeibwa sehemu, na kabla hajamfuata mwanao anakua ameshajiunga na marafiki zake wanne watano, ili kijana akiangalia aone aah, huyu anajuana na kina fulani, anakubali. Wanachati, salamu, shule, gemu. Baadae anamwambia tuhamie apu nyingine, huku kuna watu wengi (hapo ndo mtoto inabidi ashtuke, mfundisheni hilo, mtu usiyemjua akitaka kukuhamisha sehemu ya pembeni shtuka). Msichana anatuma picha yake kwanza alafu anasema zamu yako. Kijana anatuma. Dakika hiyohiyo lugha inabadilika, msichana hayupo tena, kuna mtu mzima, wakati mwingine genge zima, anarushiwa skrinishoti ya orodha ya ndugu na marafiki zake wote, anaambiwa lipa. Kutoka salamu mpaka vitisho inaweza isifike hata siku moja.

Na hawa watu sio wachache. Julai 2024 Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, walisema wamefuta akaunti kama 63,000 za Instagram huko Nigeria zilizokua zinafanya utapeli huuhuu, nyingi zililenga wanaume watu wazima ila zipo zilizojaribu na watoto. Alafu Juni 2023 FBI walishaonya kwamba sa hivi mtoto hata asipotuma chochote, picha yake ya kawaida tu ya profaili inachukuliwa inatengenezwa kwa akili mnemba ionekane yuko uchi. Kwaiyo ile hoja ya "mwanangu mimi nimemlea hawezi kutuma ujinga" haimlindi tena.

Sasa niwaambie yangu. Binti yangu alikua na miaka 12, nikagundua ana akaunti ya pili nisiyoijua. Nilipandwa na hasira, nikamnyang'anya simu palepale, nikamsema mbele ya wadogo zake, nikajiona nimefanya kazi ya mzazi. Ilipita karibia mwaka mzima ndo akaja kunieleza kwamba siku ile ile alikua anatafuta namna ya kuniambia kuna mkaka anamwandikia vitu vinavyomtisha. Aliponiona vile nilivyokua, akameza. Na akaendelea kuingia kwenye ile akaunti kwa simu ya rafiki yake, kule ambako mimi sioni kabisa. Yaani nilichokifunga mimi ni mdomo wake, akaunti ilibaki wazi. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo, na ndo sababu nakubali kusimama mbele za watu kuongea haya.

Kwaiyo cha kwanza kabisa, kabla ya setingi yoyote, mwambie mtoto kwa maneno, usidhani anajua, mwambie: "Ukikutana na kitu kibaya huko mtandaoni, hata kama wewe ndo umekosea, hata kama umetuma picha, ukija kwangu sitakupiga na sitakunyang'anya simu. Tutalitatua wote." Na siku akija kweli, utimize. Najua uso utakua unawaka, nenda jikoni kanywe maji, rudi. Ukivunja ahadi mara moja hutapata nafasi ya pili, watoto wana kumbukumbu.

Akishakuambia, msilipe. Ukilipa wanajua pesa ipo, wanarudi kesho na kiwango kikubwa zaidi. Msifute zile meseji hata kama zinatia kinyaa, piga skrinishoti, nakili jina la akaunti na namba kama ipo, ripoti ile akaunti ndani ya mtandao wenyewe, ndo ubloku, na upeleke polisi ukiwa na ule ushahidi. Watu wengi wanabloku na kufuta kwa hasira wakifika polisi hawana kitu cha kuonyesha. Na ile picha yenyewe kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, inaendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Huipandishi picha kwao. Simu yako inaitengenezea picha ile kitu kama alama ya kidole, namba ndefu tu, namba ndo inaenda kwao, na mitandao iliyojiunga ikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat inaitumia kuitafuta ile picha na kuiondoa. Picha haitoki kwenye simu. Ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Haifiki kila mtandao, lakini mtoto akijua tu kwamba kuna kitu kinaweza kufanyika anaanza kupumua, na usiku ule kupumua ni kitu kikubwa sana.

Tuje kwenye umri, hapa ntawaomba mnisikilize vizuri. Wengi tunajua mitandao inasema miaka 13, na tunadhani kuna wataalamu walikaa wakapima wakaona akili ya mtoto inakomaa hapo. Hapana. Ile 13 inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika 2000, inayokataza makampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila ruhusa ya mzazi. Ni sheria ya taarifa, haisemi chochote kuhusu kama mwanao yuko tayari. Wako anaweza kua tayari akiwa na 15, au asiwe tayari na 16, wewe ndo unamjua.

Ila lililo baya zaidi ni mwaka wa kuzaliwa wa uongo. Mtoto ana miaka 10, mnamfungulia akaunti (na mara nyingi ni sisi wazazi tunaomsaidia kuandika), mnaandika ana 13. Sawa. Akifika miaka 15 mtandao unajua ana 18, mtu mzima, na ulinzi wote waliowawekea watoto unaondoka. TikTok kwa mfano aliye chini ya miaka 16 hawezi kutumiana meseji za siri, na wa 13 mpaka 15 akaunti yao inaanza ikiwa imefungwa kwa wasiowajua, hilo la kufungwa lilianza Januari 2021. Instagram nao Septemba 2024 walitangaza akaunti za vijana, asiyefikisha miaka 16 hawezi kulegeza ulinzi bila mzazi kukubali. Vyote hivyo vinaangalia ule mwaka mlioandika. Kwaiyo ukirudi nyumbani angalia huo mwaka, na kama ni wa uongo rekebisheni, hata ikibidi akaunti ifungwe kwanza.

Setingi zingine sitakaa sana. WhatsApp, ingia faragha uangalie nani anaweza kumwingiza mtoto kwenye magrupu, kama hujawahi kugusa basi ni mtu yeyote, weka watu aliowasevu tu. Snapchat kuna ramani inayoonyesha rafiki yuko wapi, zima. TikTok kuna sehemu ya kuunganisha akaunti yako na ya mtoto. Za mzazi kusimamia simu ya mtoto, Android kuna Family Link, iPhone kuna Screen Time. Na magemu, jamani magemu yana chati na sauti, usione anacheza ukadhani yuko peke yake.

Kuna baba mmoja aliniuliza wiki iliyopita, kwani tusipige marufuku tu? Australia wamefanya, sheria ilipita Novemba 2024 na kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa hairuhusiwi kuweka akaunti za walio chini ya 16, na anayepigwa faini ni kampuni, sio mtoto wala mzazi. Mimi naona ni vizuri makampuni yabanwe. Ila mwanangu ana kina rafiki wenye simu, na marufuku yangu ya nyumbani nilishawaambia ilinifikisha wapi.

Kitu kingine ambacho hakina mtu mbaya ndani yake, na ndo kinaniogopesha zaidi ya hata matapeli. Kuna msichana wa miaka 14 Uingereza alijiua Novemba 2017. Uchunguzi ulipofanyika, kwenye miezi 6 ya mwisho ya maisha yake alikua amesevu, amelaiki au kusambaza posti kama 16,300 kule Instagram, na 2,100 kati ya hizo zilihusu huzuni nzito, kujiumiza au kujiua. Hakuna mgeni aliyemfuata akamtumia, mtambo wenyewe wa Instagram, ule unaochagua mtu aonyeshwe nini, uliona anatazama ukamletea zaidi. Septemba 2022 afisa aliyechunguza kifo chake akasema wazi kwamba yale aliyoyaona yalichangia. Mtoto akiwa na huzuni akasimama sekunde kadhaa kwenye vidio ya huzuni, mtambo hausemi ngoja nimwite mama yake, unasema anapenda hii, mwongezee.

Kwaiyo usiishie kuuliza "unachati na nani", uliza "siku hizi wanakuletea nini?" Kaa naye kitandani, dakika 10, mwambie hebu niteremshie nione, na usishtuke wala kukosoa kila kinachopita. Utajua mwanao anaishi wapi humo ndani. Mkikuta yamejaa ya kujikondesha, ya kujichukia, ya huzuni tupu, TikTok na Instagram zote zina sehemu ya kufuta mapendekezo na kuanza upya, fanyeni pamoja. Na ongea naye, manake kufuta vidio hakufuti kilichomfanya azitazame.

Na sisi wenyewe tunavyoposti. Mtoto anatimiza miaka 9, tunaandika jina lote, tarehe, picha ana sare ya shule na nembo inasomeka, na chini tumeweka lokesheni. Mtu anayenyemelea watoto hana haja ya kuuliza kitu, anamsubiri getini anamwita kwa jina, "mama yako kanituma." Na hao wanaofuata akaunti yako unawajua wote? Mtoto akishaweza kuongea muulize kabla hujaposti, "naweza kuweka hii?" Akikataa acha. Hapo ndo anajifunza kwamba picha yake ni yake na anaweza kusema hapana, na siku mgeni akimwomba picha, lile neno hapana litakua halijawahi kumshinda kulitamka.

Haya, kuna mama pale katikati amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu mama.

Mama anauliza, na narudia ili wa nyuma wasikie: ameshamnyang'anya kijana wake simu, wiki ya pili sasa, na alimchapa, afanyeje, si ndo ameshaharibu?

Hujaharibu mama yangu. Usiku wa leo usimrudishie simu kwanza, na usianze na hotuba. Mwite pembeni, wadogo zake wasiwepo, mwambie "nilikasirika kwa sababu niliogopa, kukuchapa nilikosea." Alafu mwambie ile ahadi. Alafu nyamaza. Hatajibu chochote, atasema "sawa" anaangalia chini, usikasirike, mimi wangu alikaa karibu mwaka. Kesho mrudishieni simu mkiwa mmekaa wote wawili, muanze na ule mwaka wa kuzaliwa, yeye ndo akuonyeshe inapobadilishwa.

Baba kule nyuma, karibu, nimekuona.