Uko Kwenye Chama na Hujui: Wafanyakazi wa Meksiko, Vyama Vyao na Serikali

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Subirini kidogo hiyo gari ipite. Mnaisikia? Hiyo ni gari ya gesi, inazunguka mtaani na kijana anapiga kelele "el gaaas" mpaka madirisha yanatikisika. Nikirekodi asubuhi ni gesi, nikirekodi jioni ni wanunuzi wa magodoro na friji mbovu, wao wana kipaza sauti chenye sauti ya mtoto mdogo, wimbo uleule nchi nzima. Nimekata tamaa, tutaongea hivyohivyo.

Niko jikoni kwangu León, jimbo la Guanajuato, Meksiko. Kwa mlioingia leo: huu ni mji wa viatu, na ukitoka nje kidogo kuelekea Silao unakutana na viwanda vya magari na vipuri, barabara nzima. Mabasi ya wafanyakazi yanapita hapa dirishani saa kumi na moja alfajiri, yamepakwa rangi nyeupe, taa za ndani zimezimwa ili watu walale kidogo.

Sasa jirani yangu mmoja anapanda basi hilo. Namwita doña, kama kwetu tunavyosema Bi fulani. Anashona vitambaa vya viti vya magari, mwaka wa kumi na nne huu. Siku moja tunakunywa kahawa nikamuuliza, wewe uko chama gani cha wafanyakazi? Akacheka. Akaniambia miaka tisa ya kwanza alikuwa mwanachama na hakujua. Alikuja kugundua kwenye karatasi ya mshahara, kuna kakipengele ka makato, kadogo, akadhani ni bima. Akauliza ofisini. Wakamwambia, hiyo ni ada ya chama. Chama gani? Mwenyekiti ni nani? Ofisi iko wapi? Aliyeulizwa naye hakuwa na jibu.

Nikadhani ni bahati mbaya ya kiwanda chake. Kumbe hapa kitu hicho kina jina kabisa, wanakiita mkataba wa ulinzi, contrato de protección. Unalinda nani? Unamlinda mwajiri. Kampuni inakuja kujenga, hata matofali hayajapanda, inamtafuta kiongozi wa chama kinachojulikana, wanasaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kwa kiwanda kizima, unasajiliwa serikalini, muhuri unapigwa. Wafanyakazi wanakuja kuajiriwa baadaye wanakuta tayari wana chama. Na kwa kuwa kuna chama chenye muhuri, wakitaka kuunda cha kwao wanaambiwa nafasi imejaa.

Halafu mtu anaweza kusema, ah, nchi hii haina sheria. Hapana jamani! Hapo ndipo habari inaponoga. Hawa watu wana sheria ya kazi ambayo dunia ilikuwa inaikodolea macho. Mwaka 1906 huko Cananea, kaskazini, wachimba shaba waligoma kwa sababu Mmarekani aliyefanya kazi ileile kwenye mgodi uleule alilipwa zaidi. Walidai peso 5 na saa 8. Walipigwa risasi, na wenye silaha wengine walivuka mpaka kutoka Arizona kuja kumsaidia mwenye mgodi. Miaka minne baadaye mapinduzi yakaanza, na yalipotulia, Katiba ya 1917 ikaja na Ibara ya 123: saa 8 kwa siku, haki ya kuunda chama, haki ya kugoma. Katiba! Mwaka 1917, sisi tuko kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza, wapagazi wetu wanakufa porini.

Ila anayekupa haki kwa mkono mmoja, angalia mkono wa pili umeshika nini. Chama ili kitambulike lazima kisajiliwe na serikali. Kiongozi akichaguliwa, serikali ndiyo inayoandika kwamba imemtambua. Bila karatasi hiyo hana mamlaka, hata akaunti ya benki ya chama haigusi. Na mgogoro ukitokea, ulikwenda kwenye baraza lenye watu wa pande tatu: serikali, mwajiri, na mwakilishi wa vyama. Mwakilishi wa chama gani? Chama kilekile unachokilalamikia. Yaani kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa dhuluma tu toka mwanzo. Kuna wakati ndoa hiyo ilikuwa tamu. Rais Lázaro Cárdenas, miaka ya thelathini. Mwaka 1936 ikaundwa CTM, shirikisho kubwa la vyama. Wafanyakazi wa mafuta wakadai nyongeza kwa makampuni ya kigeni, kesi ikafika Mahakama ya Juu, wakashinda, makampuni yakakataa kulipa. Tarehe 18 Machi 1938 Cárdenas akatangaza mafuta yote ni mali ya taifa. Mnajua watu walifanya nini? Walipanga foleni mjini kuchangia fidia. Matajiri walileta vito, na wanawake wa kawaida walileta pete za ndoa na kuku. Kuku hai! Mama mkwe wangu anaisimulia kama aliiona kwa macho yake, na alikuwa hajazaliwa.

Mwaka huohuo CTM ikaingizwa ndani ya chama tawala, ambacho baadaye kikaitwa PRI. Ukiwa mwanachama wa CTM, umehesabiwa kuwa mwanachama wa chama tawala, hakuna aliyekuuliza. Kwa malipo ya hilo, viongozi wa vyama walipata viti vya ubunge na useneta, na wafanyakazi walipata vitu vya kweli: bima ya afya na pensheni kuanzia 1943, mfuko wa nyumba kuanzia 1972. Nyumba ya jirani yangu imetoka kwenye mfuko huo. Kwa hiyo mtu akikwambia wazee wa Meksiko walikuwa wajinga kukubali, mwambie walikubali nyumba.

Na aliyekalia kiti juu ya CTM ni Fidel Velázquez. Huyu alianza maisha akisambaza maziwa. Alishika uongozi mwaka 1941 na, ukiondoa miaka michache katikati, hakuachia mpaka kifo kilipomchukua Juni 1997, akiwa na miaka 97. Kuna msemo hapa unaosemwa ni wake: anayetikisika hatokei kwenye picha. Kila Mei Mosi wafanyakazi waliandamana mbele ya Rais amesimama kwenye roshani ya ikulu, wanampungia mkono. Fikiria hilo, siku ya wafanyakazi, mfanyakazi anakwenda kumshukuru bosi wa mabosi.

Hapo nikanyamaza kidogo, maana nilimkumbuka Mzee wangu. Mzee wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo Dar, na Mei Mosi ilikuwa ni fulana, kofia na kusimama juani kumsubiri mgeni rasmi. Na ukitafuta mizizi yake unakuta mambo yanafanana mno. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa ndani, shirikisho lao la TFL likavunjwa, Bunge likaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi. Halafu 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Wakenya msicheke, shirikisho lenu la vyama, COTU ya 1965, nalo lilizaliwa kwa amri ya serikali. Sisemi Nyerere alikopi Meksiko, sina ushahidi huo. Nasema nilipoanza kuwaelewa watu wa hapa, sikuhitaji kamusi.

Tofauti ni kwamba Wameksiko wamekipa kitu hiki jina la kejeli, na jina lenyewe lina tarehe. Mwaka 1948, chama cha reli. Serikali ikamsimika kiongozi wake, Jesús Díaz de León, na polisi wakasaidia kuteka ofisi. Bwana huyu alipenda mavazi ya wapanda farasi wa maonyesho, yale ya kofia pana na vifungo vya fedha, ambao huitwa charro. Tangu hapo kiongozi wa chama aliyewekwa na wakubwa anaitwa charro. Miaka zaidi ya sabini, na bado ni tusi. Jirani yangu akilitamka neno hilo anapunguza sauti, na tuko jikoni wawili tu.

Na aliyejaribu kutoka? Wafanyakazi wa reli walijaribu. 1958 walimchagua wenyewe Demetrio Vallejo, wakagoma, wakapata nyongeza. 1959 wakagoma tena, jeshi likaingia, maelfu wakafukuzwa kazi. Vallejo alikaa gerezani miaka zaidi ya kumi na moja kwa kosa walilolipa jina la kuvuruga jamii. Na hata charro hakuwa salama. Yule bwana mkubwa wa chama cha mafuta aliyeitwa La Quina, alipokosana na Rais mpya Salinas, Januari 1989 alifuatwa nyumbani kwake na wanajeshi. Serikali ilikutengeneza, na ilijua ulipolala.

Sasa turudi hapa kwetu, Silao, ni mwendo wa nusu saa tu kutoka hapa. Pale pana kiwanda cha General Motors cha magari ya pikapu, wafanyakazi zaidi ya 6,000. Mwaka 2019 wenzao wa Marekani waligoma siku 40. Baadhi ya wa Silao wakakataa kufanya saa za ziada ili wasiwe wa kuvunja mgomo wa wenzao. Wakafukuzwa.

Lakini mwaka huohuo, Mei Mosi, sheria ya kazi ilibadilishwa. Sasa kila mkataba wa hali bora lazima upigiwe kura na wafanyakazi, kura ya siri, na kila mmoja apewe nakala. Yale mabaraza ya pande tatu yakaanza kuondolewa, kesi ziende mahakamani. Silao wakapiga kura Aprili 2021. Chama kilichosimamia kura ni kilekile cha CTM kilichokuwa na mkataba, na wakaguzi wa serikali walipofika wakakuta kura zimeharibiwa! Hapo Marekani ikaingia. Kwenye mkataba mpya wa biashara uliochukua nafasi ya NAFTA, ule wa zamani wa Marekani, Meksiko na Kanada, na ulioanza Julai 2020, kuna kifungu kinachoruhusu kulalamikia kiwanda kimoja kimoja, na kikikutwa na hatia kinaweza kupoteza nafuu ya ushuru. Silao ikawa lalamiko la kwanza la serikali ya Marekani.

Kura ikarudiwa Agosti. 3,214 wakaukataa mkataba, 2,623 wakaukubali. Februari 2022 wakachagua chama: SINTTIA, chama kipya kilichoanzishwa na wafanyakazi wenyewe, kikiongozwa na mwanamke, Alejandra Morales. Kilipata zaidi ya kura 4,000, wengine wote waliambulia makombo. Mei wakasaini nyongeza ya asilimia 8.5. Siku zile hapa mtaani, nawaambieni, kwenye kibanda cha guacamaya (ni mkate mgumu unajazwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na pilipili, na Waislamu wenzangu mniwie radhi, nauangalia tu) watu walikuwa wanabishana asilimia kama wanavyobishana mpira.

Mtaniuliza, Wamarekani wana huruma gani na Meksiko? Hawana. Vyama vyao viligombania kifungu kile kwa sababu mshahara mdogo wa Silao unavuta ajira kutoka Michigan. Kila mtu ana lake. Ila ndiyo ile, mgeni njoo mwenyeji apone. Inanikera kidogo, nakiri, kwamba haki iliyoandikwa na Wameksiko wenyewe mwaka 1917 ilihitaji kusukumwa na forodha ya jirani.

Na kitu kingine kinachonikera zaidi. Tume ya kima cha chini cha mshahara ina viti vya vyama vya wafanyakazi. Walikaa pale miongo kadhaa, mshahara ukazama wanaangalia. Mwaka 2018 ulikuwa peso 88.36 kwa siku. Mwaka 2024 ukafika 248.93. Msukumo ulitoka kwa Rais López Obrador. Sasa mfanyakazi akiniambia mimi namshukuru Rais kuliko chama, nimjibu nini? Na hapohapo naiona ile roshani ya ikulu inarudi kwa mlango wa nyuma.

Muda wa mwisho wa kupigia kura mikataba ya zamani ulikuwa Mei Mosi 2023. Mikataba karibu 139,000 ilikuwa imeandikishwa. Iliyopita ni kama 30,000. Iliyobaki, karibu yote hakuna aliyejitokeza kuitetea, ikafutwa. Zaidi ya laki moja ya karatasi zenye muhuri! Na hata ile 30,000, msidhani yote ni Silao. Sehemu nyingi watu walipiga kura ya ndiyo kwa chama kilekile, wengine kwa kuridhika, wengine kwa woga. Kiwanda cha jirani yangu walipiga ndiyo. Yeye alipiga hapana, hilo kaniambia mimi, na hapa sijamtaja jina.

Ila nakala alipewa. Siku ile ya kahawa alikwenda kwake akarudi nayo kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za chanjo za watoto na hati ya nyumba. Kurasa thelathini na kitu, amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Akanifungulia pale penye siku za likizo, na pale penye ada ya chama. Akaniuliza, na kwenu mikataba hii mnaiona?

Sikuwa na jibu, nikampigia Mzee palepale, nikaweka spika. Nikamuuliza, Baba, shikamoo, miaka yako yote kiwandani, mkataba wa hali bora uliwahi kuuona?

Kimya kidogo. Akasema, "Mkataba? Fulana niliziona. Moja mama yako bado anapigia deki."

Haya, hiyo hapo gari ya magodoro. Nazima.