Kuvuka Nyasi za Nebraska kwa Gari-Nyumba: Barabara Namba 2, Hatua kwa Hatua

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tuko Nebraska, katikati ya Marekani, kwenye Barabara Namba 2 inayotoka Grand Island kwenda Alliance. Ni zaidi ya kilomita 400 za nyasi, ng'ombe, treni ndefu za makaa ya mawe na miji midogo sana. Tunasafiri kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Wengi huimaliza njia hii kwa siku moja. Mimi nakushauri uigawe siku mbili au tatu.

Hatua ya kwanza ni upepo. Angalia utabiri kabla hujawasha gari, na pima matairi yakiwa bado ya baridi. Huku hakuna mlima wa kuukinga upepo, na gari letu lina ubavu mpana. Ukipishana na lori, shika usukani kwa mikono miwili: lori linakukinga kidogo, kisha upepo unakurudia kwa kishindo. Ukiona usukani unakushinda, lala mji unaofuata. Hakuna anayekudai ufike leo.

Pili, mafuta. Tangi likifika nusu, jaza. Kati ya Hyannis na Alliance pekee ni karibu kilomita 95. Kumbuka pia kwamba ukitoka Thedford kwenda Mullen saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo duka unalolitegemea asubuhi huenda bado halijafunguliwa.

Tatu, pa kulala. Ulizia bustani ya mji. Miji mingi midogo ya huku inaruhusu wasafiri kulala hapo, na mara nyingi kuna umeme na maji. Malipo unatia kwenye bahasha, unatumbukiza kwenye sanduku la chuma. Hakuna mlinzi wala risiti. Tembea na noti ndogondogo, na lipa kabla hujashusha hata kiti, maana bustani hizi zinaendelea kuwa wazi kwa sababu watu wanalipa bila kusimamiwa.

Nne, kuegesha na kuunganisha umeme. Sasa tazama hapa. Weka pimamaji sakafuni. Likikubali, weka kabari kwenye matairi. Zima swichi kwenye nguzo ya umeme, chomeka plagi, ndipo uwashe. Nguzo ya ampea 30 inakupa wati 3,600 tu. Kiyoyozi, birika na maikrowevu kwa pamoja vitakata umeme. Na birika ulilotoka nalo nyumbani ni la volti 230; umeme wa huku ni volti 120, utasubiri chai mpaka uchoke.

Hatua ya tano naomba muisikilize vizuri, hasa mnaosafiri na watoto kati ya Aprili na Juni. Tahadhari za dhoruba redioni hutaja majina ya kaunti na miji. Mgeni anasikia "Custer" na hajui kwamba Broken Bow aliyolala ndiyo iko humo. Kila jioni andika jina la kaunti kwenye karatasi, ibandike karibu na kitanda. Nunua redio ndogo ya hali ya hewa inayoshika masafa ya megahezi 162, kwa sababu simu hupoteza mtandao kwenye vilima hivi. Kisha muulize mwenyeji: tornado, yaani kimbunga kinachozunguka kwa kasi, ikija, tunakimbilia wapi? Atakuonyesha jengo imara au chumba cha chini ya ardhi. Msibaki ndani ya gari. Tornado hulipindua.

Ukiwa na nafasi, pitia Halsey. Utaona msitu mkubwa katikati ya vilima vya mchanga, na ulipandwa kwa mikono ya watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege ni wengi, simamisha gari usikilize.

Mwisho, kumwaga maji machafu. Ni pale palipotengwa tu, kamwe si mtaroni. Vaa glavu, funga mpira vizuri, fungua kwanza tangi la choo. Likiisha, fungua la sinki na bafu, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Mpira wa maji ya kunywa una kabati lake, haukai na huu hata siku moja. Funga koki zote mbili, nawa mikono, toa kabari, zunguka gari mara moja ukiangalia kama plagi imetoka. Haya, tuelekee Alliance.